Majoho ya Kaniki

Kasulu, Kigoma
Mwezi wa Julai

Mama yangu Mwanakombo,

Shikamoo Mama, tena shikamoo ya kupiga magoti, maana nimekaa kimya mno na najua umeninung'unikia. Vipi miguu, imepungua kuvimba? Ile dawa ya kuchua niliyompa utingo wa basi ilikufikia, au alijichua nayo mwenyewe? Na paa la jikoni, mjomba Athumani ameshaliezeka au bado anasema kesho? Mimi ni mzima, na mkwe wako Bakari ni mzima, ila baridi ya huku milimani mwezi huu haina adabu. Asubuhi ukisema neno, moshi unatoka mdomoni kama mtu anayevuta sigara. Wenyeji wanapita na makoti yao wananiamkia kwa Kiha "Mwakeye, Mama Fundi," nami nawajibu huku meno yanagongana.

Kabla sijaenda mbali nikuombe radhi kwa jambo moja. Barua yako ya mwisho, ile uliyomtuma mjomba Athumani aiandike pembeni ili Rehema asijue, niliipata. Uliniambia iwe siri yetu. Lakini Mama, macho yako ndiyo hayo, mjomba naye kumpata nyumbani ni bahati, kwa hiyo anayekusomea jibu hili ni Rehema mwenyewe. Sina njia nyingine. Na hata ningekuwa nayo, nisingeitumia. Rehema mdogo wangu, soma kila neno, usiruke, hata pale panapokuhusu. Mama akikwambia "hapo pita," usipite.

Mama aliniandikia kwamba tangu umalize chuo kikuu hutoki. Harusi huendi, kuzika huendi. Kila ulikoomba kazi unaambiwa serikali haiajiri kwa sasa. Watoto wa mtaani wamekupa jina, wanakuita Digirii, na ukienda dukani kununua chumvi wanauliza kama chumvi nayo inataka digirii. Mwisho Mama akaandikisha hivi: "Rehema wetu ndiyo basi tena, mwanangu. Amekwisha." Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Nikaisoma tena. Nikainuka nikaiacha nguo ya mteja imening'inia kwenye sindano, nikaenda stendi, nikasimama pale nikitazama basi la Kigoma likijaza abiria. Sikuwa na safari. Nilikwenda kusimama tu.

Ndivyo nilivyo huku, Mama. Situlii. Mzee Hilali, yule mtu wa Ujiji mwenye duka la vitambaa ninaloshonea barazani kwake, huniambia, "Zuhura, hicho kiti kina misumari?" Nikishona nawaza nyumbani, nikipika nawaza nyumbani. Bakari na lori lake la mahindi ya wakimbizi leo yuko kambi hii, kesho yuko Kibondo, akirudi ananiambia tuvumilie msimu huu mmoja. Msimu wa kwanza uliisha, ukaja wa pili. Niliahidi kuja huko Tanga Idd Kubwa, nikawa nimeshafunga hadi kanga zako za zawadi. Sikuja. Sababu yake ndiyo hii nataka kukueleza, na ni ndefu, kwa hiyo Rehema atafute mahali pa kukaa vizuri.

Siku moja, wiki kadhaa kabla ya Idd, walikuja barazani mwanamume na mwanamke, wakimbizi kutoka Burundi. Hapa Kasulu kuwaona wakimbizi si ajabu, wamejaa kambini tangu vita vilipoanza kwao, na wenye kibali huja mjini kununua na kuuza. Mwanamume alikuwa mrefu, amevaa koti lililokwisha viwiko, lakini limepigwa pasi. Akajitambulisha kuwa ni Anselimi, fundi wa maji. Mwanamke hakujitambulisha. Alisimama nyuma yake akitazama barabarani kama anayesubiri gari.

"Mama Fundi," Anselimi akasema, kwa kile Kiswahili chao cha polepole, "tunataka utushonee majoho."

"Nani anaoa?" nikamuuliza. Kwetu joho ni la nani kama si la bwana harusi?

Akacheka. "Hakuna anayeoa. Sisi tumesoma universite. Wengine walimaliza mitihani, vita vikaingia mpaka mabwenini, tukakimbia kila mtu na njia yake. Mahafali hatukufanya. Sasa tumekutana kambini, tunataka kuyafanya."

"Kambini?"

"Ndiyo. Mahali pengine tunapo?"

Nikamwambia sijawahi kuona joho la msomi kwa macho. Akaokota kijiti akanichorea chini, kwenye vumbi jekundu: gauni pana, mikono mipana, na kofia ya ajabu yenye pembe nne juu, kama mtu amejitwika sahani ya mraba. Yule mwanamke kwa mara ya kwanza akageuka, akautazama mchoro, akasema, "Mimi usinipime. Mimi sitavaa." Anselimi akasema naye kwa Kirundi, taratibu. Nilielewa kidogo kwa kuwa Kiha cha hapa hakiko mbali nacho. Alikuwa anamwambia, "Domitila, kuvaa si kusema. Vaa tu ukae." Akakubali kupimwa, lakini nilipomzungushia futi kamba begani aliyarudisha macho barabarani.

Kitambaa cheusi cha maana hakikuwapo Kasulu nzima. Kilichokuwapo kwa Mzee Hilali ni kaniki. Najua hapo umeshika mdomo, Mama. Wasomi wa chuo kikuu kuvalishwa kaniki, nguo ya kulimia na ya wagonjwa wa pepo! Mimi nami niliona haya kulikata lile jora. Anselimi alilipapasa akasema ni zuri, halina mng'aro, kama yale ya kwao hasa. Kofia nikazitengeneza kwa maboksi ya sabuni, nikayavika kaniki, vishada vyake nikavisuka kwa nyuzi. Na kwa kuwa niliona majoho yamekaa kimasikini, nikafanya kama alivyonifundisha Fundi Omari: nikayatarizi kifuani kwa uzi wa manjano, maua na mikarafuu, kama joho la harusi. Niliona nimewafanyia hisani.

Basi majoho yakatundikwa barazani, meusi, moja baada ya jingine, yakicheza kwenye upepo. Watu wakaanza kupita na kutazama. Unajua maneno ya watu. Mara nikasikia kuna kikundi cha siri kinashonewa sare. Mara ni watu wanaojiandaa kuvuka mpaka kwenda kupigana. Asubuhi ya siku niliyokuwa nipande basi kuja kwenu, mgambo wakaja, wakayakusanya yote, wakaniambia, "Na wewe twende."

"Kwenda wapi? Mimi nina safari!"

"Utasafiri ukishaeleza hizi ni sare za nani."

"Za wahitimu."

"Wahitimu wa mafunzo gani?" akauliza mmoja, na pale nikajua nimejifunga mwenyewe.

Wakanipeleka hadi kambini, ofisini kwa mkuu wa kambi. Nikakaa kwenye benchi, Mama, nikiwaza Bakari yuko Kibondo hajui nilipo, na basi limeshaondoka na nafasi yangu. Mkuu wa kambi ni kijana kutoka Songea, mpole lakini mchovu, macho mekundu kwa kazi. Akalishika joho moja, akaligeuza huku na huku. Akauliza, "Hili ni la nini?" Nikaanza kueleza, nikaeleza kwa kuchanganya, nikataja universite, maboksi ya sabuni na bwana harusi, vyote kwa pamoja. Nilipofika kwenye kofia akanyoosha mkono. Akaivaa. Akalivaa na joho juu ya shati lake. Mgambo wakatazamana.

"Mikono umeibana," akasema. "Huku chini inatakiwa ifunguke kama kengele. Na haya maua," akajitazama kifuani, "mama, haya maua ni ya kuoa!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa. Akaniambia yeye naye ni mhitimu wa chuo kikuu hapa kwetu, lakini siku ya mahafali yake alikuwa kwao anamzika baba yake. Hakuwahi kulivaa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Alikaa nalo hivyo hivyo, akiwa na maua kifuani, akamtuma mtu amwite Anselimi, akamwambia wafanye sherehe yao mchana kweupe, kwenye kiwanja cha shule, na yeye aalikwe.

Basi lilikuwa limekwenda, na la kesho yake limejaa. Nikarudi barazani nikafumua maua yote na kuipanua mikono. Idd ikanikuta nafumua. Nililia kidogo, Mama, sitakuficha. Halafu nikajisemea, nimeshakosa nyumbani, basi na niyaone haya mahafali niliyokamatwa kwa ajili yake.

Yalifanyika Jumapili, baada ya misa yao. Kiwanja kilijaa watu, wengine wamepanda juu ya vichuguu. Wahitimu wakaja kwa mstari na kaniki zangu, wakitembea kwa madaha, na wanawake wakapiga vigelegele utadhani wanapokea maharusi kweli. Mkuu wa kambi alikaa mbele, ameazima joho la mtu aliyekuwa mgonjwa.

Walikuwa na utaratibu niliousikia kwa mara ya kwanza: hakuna mtu kujisifia. Kila mmoja anasimuliwa na mwenzake, alikotoka, alivyosoma, na alichofanya tangu aondoke chuoni. Anselimi alisimuliwa na kijana mmoja wa historia, kwamba ndiye aliyeteremsha maji kutoka kilimani kwa mabomba, akinamama wakaacha kushuka bondeni na ndoo. Huyo kijana wa historia naye akasimuliwa kwamba anafundisha watoto chini ya turubai, na chaki zilipokwisha alikausha muhogo akaandikia. Mwingine alisomea misitu. Alipoona kambi imekata miti yote kwa kuni, akaanza kuotesha miche kwenye makopo ya mafuta, na mpaka Waha wa vijiji vya jirani wanaenda kumwomba. Kila anayesimuliwa alikuwa anainamisha kichwa, kofia ya boksi inamteremkia usoni, watu wanacheka, wanapiga makofi.

Zamu ya Domitila ikafika. Anselimi akasimama, akataja jina lake na kwamba alisomea kilimo. Akaishia hapo. Watu wakangoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba Domitila alikuwa amemwapisha asiseme chochote. Alisema, "Wenzangu mmefanya, mimi nimefanya nini? Mimi nimekaa." Na ni kweli, tangu aingie kambini alikuwa anakaa ndani ya nyumba yake ya turubai, anatoka kupokea chakula anarudi. Rehema, hapo unaponisomea najua umepunguza sauti. Endelea.

Mimi nyuma nilianza kuuma ukucha. Ndipo Domitila akainuka mwenyewe. Akasema kwa Kirundi, na mwanamke wa Kiha aliyekuwa kando yangu akawa ananifafanulia sikioni:

"Mimi sina la kusimuliwa. Nitawasimulia wengine. Wale ambao hawako hapa kusimuliwa."

Akaanza. Akamtaja mmoja, Filiberti, aliyekuwa anaunguza maharage kila zamu yake ikifika, bweni zima likanuka moshi, na ambaye mitihani ya mwisho alikuwa wa kwanza. Akamtaja Renata, aliyekuwa akiimba koridoni wakati wenzake wanasoma, wakimtupia viatu, na usiposikia sauti yake siku hiyo huwezi kusoma. Akataja mwingine na mwingine, kila mmoja na kitu chake: aliyevaa soksi za rangi mbili, aliyemwandikia mama yake kila wiki, aliyekuwa akiogopa chura na alisomea viumbe. Hakusema walikufaje. Alisema waliishije. Watu walianza kucheka, Mama, cheko la kweli, huku machozi yanawatoka, na wengine wakawa wanamwongezea, "Na kaptura yake! Sema ile kaptura!" Hakuwa tena yule mwanamke niliyempima. Alisimama wima.

Wa mwisho akamtaja Spesioza, msomi wa hesabu, aliyelala naye chumba kimoja tangu siku ya kwanza. Akasema, "Huyu alikuwa ananiamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Mpaka leo alfajiri nauvuta mguu wangu ndani ya blanketi."

Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Alikuwa kibarua wa kupakua mahindi, na hufuatana na malori. "Spesioza wa hesabu? Mwenye pengo hapa mbele? Huyo hajafa! Yuko Kibondo, namwona kila nikienda!"

Mama, kiwanja kizima kikamgeukia Domitila.

Domitila hakupiga kelele, hakuzimia. Alikaa chini kwenye vumbi, na joho langu lote. Mkuu wa kambi alimwandikia kibali cha kwenda Kibondo palepale, akiwa bado amevaa kofia. Bakari alikuwa na safari ya huko wiki hiyo hiyo, na Domitila akasema hawezi kwenda peke yake na dereva, niende naye. Nikaenda. Nisingeweza kukaa Kasulu nikingoja habari, ningepasuka.

Njia ya Kibondo ni vumbi tupu wakati huu. Tulipita Makere, tukapita misitu ya miombo mirefu, kila mmoja amejifunga kanga puani. Kibarua alikuwa ametuelekeza kambi, lakini tulipofika na kumuuliza Spesioza tukapelekwa kwa bibi kizee asiye na jino hata moja, akatucheka na kutukaribisha viazi. Tukauliza kwingine. Wakasema yupo mwingine lakini alihama. Wengine wakasema wa hesabu hawamjui. Tulizunguka mpaka viatu vyangu vikakatika.

Domitila akakaa kwenye ngazi ya lori. "Turudi," akaniambia.

"Hatujamaliza kutafuta."

"Zuhura, tangu Jumapili Spesioza yuko hai. Tukirudi sasa hivi ataendelea kuwa hai. Tukitafuta mpaka mwisho, sijui."

Ni Bakari aliyemjibu, Bakari wako asiyesema, huku anafuta kioo. "Dada," akasema, "na yeye kama yupo, kwake wewe u hai au umekufa? Mtafute basi kwa ajili yake." Domitila akamtazama. Akashuka kwenye ngazi.

Tulimpata kwenye soko, nje kidogo ya kambi, mahali wakulima wa Murungu wanapoleta muhogo na maharage na wakimbizi wanakwenda kubadilishana. Palikuwa na mwanamke anachekecha unga wa muhogo, amefunikwa na unga kuanzia kichwani mpaka kiunoni, hata kope nyeupe. Mimi sikumjua, bila shaka. Domitila alisimama. Yule mwanamke akainua macho, chekecheo likamponyoka, unga ukamwagika wote.

"Wewe!" akasema. "Wewe nilikusomeshea misa ya marehemu!"

Domitila akapiga hatua moja mbele.

"Nilikusomeshea misa!" yule wa unga akarudia, kwa hasira kabisa, kama mtu aliyetapeliwa. "Na kwaya iliimba! Padri alilitaja jina lako lote!"

"Na mimi nilikulilia," Domitila akasema mwishowe. "Hela ya misa sikuwa nayo. Nilikulilia tu."

"Basi misa yangu ilikuwa kubwa zaidi."

Na hapo wakashikana, Mama. Walishikana wakaanguka chini pamoja kwenye ule unga uliomwagika, wanalia na kucheka na kupigana ngumi za mgongoni, soko zima limetuzunguka, mama mmoja wa Murungu anauliza kwa Kiha nani amefiwa. Domitila naye akawa mweupe kama mwenzake. Bakari akasema anakwenda kukagua tairi. Tairi zilikuwa nzima.

Tuliwaacha wakae. Baadaye nikawakuta wameketi juu ya magunia wanaulizana habari, na Spesioza anamwambia kwamba wahitimu wa upande wa Kibondo nao wapo, wamejificha kila mtu kwenye shughuli yake, hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Domitila akasema, "Nitawatafuta mimi." Mwanamke aliyekuwa hatoki ndani ya turubai! Tangu siku hiyo ameomba kuhamia kule, na mkuu wa kambi amemsaidia. Wiki iliyopita kibarua aliniletea salamu zake: ameshapata wengi, anapita nyumba kwa nyumba anauliza, na wale aliowapata wameanza darasa la wasichana. Anselimi naye amekuja kuniambia Kibondo wanataka majoho, mengi kuliko ya hapa, na Bakari akaona hapo ni kazi ya msimu mzima.

Nimewakatalia wote wawili. Nimewaambia kwamba Mzee Hilali ana fundi mwingine, nimeshamwachia vipimo na mkato wa mikono, na nimemwonya asiweke maua. Bakari alinuna kidogo. Kisha akaenda mwenyewe stendi kunikatia tiketi ya basi la Kigoma, na treni nitapanda Alhamisi. Safari hii hakuna wa kunikamata.

Maana nilivyorudi kutoka Kibondo nilikaa na ile barua yako, Mama, nikaona ni misa. Na kwaya yake. Mtu wako yuko chumba cha pili, unasikia akigeuka kitandani, nawe unamwandikisha Athumani kwamba amekwisha. Sikulaumu. Hata yule wa unga alisomesha misa kwa mapenzi. Lakini nimeogopa sana.

Nisalimie mjomba Athumani, mwandishi wako wa siri, mwambie hati yake ni mbaya lakini nilisoma yote. Msalimie Fundi Omari aliyenipa mkasi wangu wa kwanza, na shangazi Mwanaisha wa ng'ambo ya mto, na Mama Mwatime jirani yetu, na watoto wake wote pamoja na wale wanaotunga majina. Bakari anakushika miguu, anasema atanifuata lori likipumzika.

Na wewe Rehema, hapa ndipo nakuja kwako. Sijui kazi utaipata lini, na sina maneno ya kukutuliza, mimi mwenyewe situlii. Nikifika sitaki unieleze ulichokosa. Nataka unisimulie wenzako uliosoma nao, mmoja mmoja, nani aliunguza maharage na nani aliimba, na kila mmoja sasa yuko wapi. Usipojua yuko wapi, tutatoka tukamtafute, tutaanzia Tanga mjini. Andaa viatu. Sasa kunja barua umtazame Mama, anakungoja useme kitu.

Ni mimi binti yako na dada yako asiyekaa,

Zuhura